Kabla Hujamwaga Zege

 Mpwa wangu, habari ya slabu niliisikia yote kwenye simu jana usiku: nondo zimeshafungwa, mbao zimepigwa, mashine ya kuchanganyia zege imekodiwa, vibarua 24 wameitwa, na Jumamosi ya tarehe 7 Machi mnaanza saa tatu asubuhi kwa kuwa kokoto haitafika mapema. Ulingoja nikupongeze. Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika, ukawa unaita, "Mjomba? Mjomba, unanisikia?" Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa nimechoka tu.

Nimechoka kwa sababu maneno haya nimeshakwambia. Nilikwambia mwaka juzi ulipokuwa unajenga ule ukuta wa Raskazone, ukanijibu "nimekuelewa, mjomba" kwa sauti ile ile uliyokuwa ukimjibu mama yako ulipokuwa na miaka kumi na mpira unakungoja uwanjani. Mwaka jana nikarudia. Safari hii nimemwita binti wa jirani, mimi nasema, yeye anaandika, ili yasije yakaingia sikio hili yakatokea la pili. Karatasi hii ikunje uitie mfukoni pamoja na futi yako.

Anza na jua lenyewe. Siku hiyo ya Jumamosi chomeka kijiti ardhini kisimame wima, kisha ukitazame saa sita na nusu mchana ikishapita kidogo. Kivuli hutakiona. Hapa Tanga jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba, na tena tarehe saba au nane ya Machi. Katika siku zote 365 wewe umeichagua hiyo. Sikulaumu, hukujua. Lakini sasa unajua.

Na upepo? Kaskazi ya Desemba na Januari ilikuwa ikitupepea japo kwa hasira. Machi inalegea, bahari inalala kama mafuta kwenye sufuria, makuti ya mnazi hayatikisiki. Utaniambia kipimajoto kinasema nyuzi 32 au 33 tu, na kwamba Dodoma wanazifikia hizo na watu wanapiga kazi. Ni kweli. Lakini muulize mkeo kanga aliyoifua Dodoma hukauka kwa muda gani, na hapa kwetu hukauka kwa muda gani. Mwili unajipoza kwa njia hiyo hiyo ya kanga kwenye kamba. Jasho kutoka hakusaidii kitu. Linalosaidia ni jasho kukauka, maana likikauka ndipo linapoondoka na joto. Hapa hewa imeshiba maji ya bahari, haina nafasi ya kupokea mengine. Jasho linachuruzika mgongoni mpaka kwenye mkanda wa suruali, umeshapoteza maji na chumvi, na kupoa hujapoa. Halafu kazi nayo ni jiko. Misuli inayonyanyua karai inatoa joto lake humo humo ndani. Kwa hiyo kibarua wako ana moto wa nje na moto wa ndani, na mlango wa kutolea joto umezibwa.

Babu yako mzaa mama aliyajua haya bila kusoma. Alikata mkonge kwenye shamba moja upande wa Muheza, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa nikiamshwa na mlio wa kisu chake akikinoa gizani. Alitoka nyumbani kabla ya jogoo wa pili. Kazi yao ilikuwa ya kipimo: ukishakata na kufunga matita yako, siku yako imekwisha, hakuna wa kukuuliza. Saa tano alikuwa amerudi, ameoga, amelala kwenye mkeka chini ya mwembe, na mtu asiyejua angepita akasema wale ni wavivu. Nakumbuka nilimuuliza kwa nini asikate mara mbili, asubuhi na mchana, tupate pesa mara mbili. Alifungua jicho moja, akasema, "Mchana si wangu." Akalifunga.

Nilipokuwa fundi niliisahau sentensi hiyo.

Hili la Februari 1999 sijakusimulia lote. Nilikuwa fundi mkuu kwenye ghorofa moja hapa mjini. La nani, na mkandarasi alikuwa nani, kujua hakutakusaidia. Tulikuwa tunamwaga slabu. Mashine hatukuwa nayo, zege lilichanganywa chini kwa koleo na kupandishwa kwa karai, mtu kwa mtu, juu ya ngazi ya mirunda. Vibarua walilipwa kwa siku, na siku ilikwisha slabu ikiisha. Miongoni mwao kulikuwa na kijana aliyeshuka kutoka Lushoto juzi yake. Lushoto unaijua, watu wanalala na blanketi. Alikuwa na nguvu kuliko wote, karai la zege alilibeba kama sahani ya wali, nami nikamweka pale ngazini, mahali pagumu, kwa sababu ya nguvu hizo hizo.

Wakati ule sikujua kwamba mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kulizoea joto. Unajifunza taratibu: jasho lianze kutoka mapema, liwe na chumvi kidogo, moyo uache papara. Mtu wa siku ya pili, hata awe na mabega ya namna gani, ndiye mchanga kuliko wote pale saiti, na yeye mwenyewe hajijui. Anajilinganisha na waliozoea, anaona aibu kubaki nyuma. Na mimi niliyepaswa kumjua nilikuwa natazama mabega.

Kiasi cha saa saba akapandisha karai tupu. Tukacheka. Akalishusha, akalipandisha tena, tupu vile vile. Mmoja akamtania kwamba gongo la jana halijamtoka kichwani. Nikamgombeza, nikamwambia aache mchezo tuna kazi. Akaniita kwa jina la mtu mwingine, akanijibu maneno ya Kisambaa yasiyohusiana na kitu, akakaa kwenye kipandio cha ngazi, halafu akalala upande kama gunia.

Basi tukafanya haraka, na haraka ndiyo iliyotuponza. Watu wanne tulimbeba tukamlaza nyuma ya pikapu, juu ya bati lililopigwa jua tangu asubuhi, shati na suruali mwilini, sisi tumemzunguka kama ukuta hata upepo wa mwendo usimfikie. Tulijiona tumeokoa mtu. Hospitali walitupokea mara moja. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alimgusa shingoni akautoa mkono kama aliyegusa sufuria, akatuuliza jambo moja tu: "Mlimmwagia maji?"

Pale saiti palikuwa na mapipa manne, yamejaa mpaka mdomoni. Maji ya zege.

Alikaa wodini siku tatu. Figo ndizo zilizogoma kwanza. Siku ya nne tulimpandisha kwao usiku, kwa pikapu ile ile, na tulipofika Soni tukavaa makoti. Mama yake hakulia mbele yetu. Aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wao: "Kwani joto nalo linaua mtu?" Huko kwao anayeogopwa ni baridi. Sikuwa na jibu, nikatazama chini.

Tuliporudi mjini slabu ilikuwa kwenye siku ya tano. Desturi unaijua, zege hunyeshewa siku saba lisije likapasuka. Juu nilimkuta kijana na mpira wa maji, asubuhi ananyeshea, jioni ananyeshea, na katikati ameitandikia slabu magunia yaliyolowa ili jua lisiiguse. Nilikaa kwenye ngazi ile nikamtazama mpaka akaniuliza kama naumwa.

Sasa yashike haya, na uyaseme mbele ya vibarua wote kabla karai la kwanza halijanyanyuliwa.

Kuna kuchoshwa na joto, na kuna kiharusi cha joto. Aliyechoshwa kichwa kinamgonga, jasho linamtoka jingi, anaona kizunguzungu, kichefuchefu, mara misuli ya mguu au ya tumbo inamkaza. Lakini akili yake iko. Ukimuuliza anajibu. Huyo mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo, mpepee, na siku hiyo kazi kwake imekwisha hata akikuapia kwamba amepona. Asipopata nafuu kwa muda mfupi, au akitapika kila anachokunywa, mpeleke kwa daktari.

Wa pili ni yule wa Lushoto. Joto la mwili la kawaida ni nyuzi 37. Likifika 40 ubongo unaanza kuchemka, na wa kwanza kukwambia ni ulimi. Anajibu ovyo, anagombana na mtu aliyekuwa rafiki yake asubuhi, anacheka pasipo kichekesho, anayumba, anaanguka, wengine wanapata degedege. Watu watasema kalewa. Watasema kifafa, au pepo wa mzimu uliokuwa kwenye kiwanja, na tayari yuko wa kutafuta ubani. Usiwasikilize. Wala usidanganywe na ngozi. Wapo wanaosema mwenye kiharusi cha joto ngozi yake ni kavu. Mzee aliyejifungia ndani, sawa, mara nyingi huwa hivyo, lakini mtu aliyeangukia kazini anaweza kuwa amelowa jasho chapa na bado anaungua ndani. Pima akili. Muulize leo siku gani, nani amemleta kazini, daku amekula nini. Jibu likipinda, usingoje la pili.

Hapo mpwa wangu unapoza kwanza, ndipo unapeleka. Mmoja apige simu na kutafuta gari, wengine wote wako kwenye maji. Turubai unalo, kila saiti ina turubai. Mvue nguo abaki na ya ndani, mlaze juu ya turubai kivulini, watu wanne washike pembe na kuzinyanyua liwe kama dau, mmoja akishike kichwa kisizame, mmimine ndoo za maji juu yake mpaka alowe kifua na mapaja, na muyatikise maji hayo yasitulie. Barafu ikipatikana itumbukizwe humo humo. Pale Deep Sea wauza samaki wanayo barafu siku zote. Mwenye bodaboda anaifuata anarudi kabla hujamaliza mapipa. Turubai likikosekana, lowesha magunia, kanga, mashati, mfunike, mpepee kwa nguvu, barafu ikae shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Usimpe cha kunywa kama hajitambui, kitaingia kifuani. Mlaze kwa ubavu. Na panadoli usimpe, kwa maana hii si homa, dawa ya homa haina inachokijua hapa na ini inaweza kuliumiza. Dakika za mwanzo ndizo zenye mtu wenu. Endeleeni kumpoza mpaka fahamu zirudi au gari lifike, na ndani ya gari madirisha wazi, nguo zimelowa, mtu mmoja na ndoo.

Hayo ni ya kuanguka. Ya kutoanguka ni mepesi zaidi, na ndiyo usiyoyapenda kwa sababu yanakula muda.

Maji wanywe kabla ya kiu, kikombe kila robo saa au dakika ishirini, wasijaze tumbo mara moja kama ngamia. Kiu ni mjumbe anayechelewa. Kila mtu atazame mkojo wake. Ukiwa rangi ya chai ya rangi, amechelewa. Lakini maji matupu lita baada ya lita bila chakula nayo si sawa, kwa kuwa chumvi imetoka na jasho na hujairudisha. Asubuhi yenye uji na mihogo, mchana ugali na mchuzi wenye chumvi yake, mwili unajitengeneza wenyewe. Kwa aliyelowa sana, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha kwa kidole, visiwe vya mlima. Madafu mazuri, siyakatai, ila chumvi yake ni ndogo. Usimpe mtu dafu ukadhani umemaliza. Na vile vichupa vya kuongeza nguvu wanavyovigida vijana wako saa nne asubuhi, hapo naomba uwe mkali. Vinamfanya mtu asijue kwamba amechoka, na kwenye jua mchovu asiyejua kuwa amechoka ndiye tunayembeba.

Utanikatiza hapa: mjomba, kikombe kila robo saa, na watu wamefunga?

Ndiyo. Ramadhani imeangukia kaskazi mwaka huu, na itaendelea kukaa humo. Kila mwaka mwezi unarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Mwakani utaanza mwanzoni mwa Februari, 2028 mwishoni mwa Januari, na 2030 tutafunga mara mbili katika mwaka mmoja, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo hili si la kusema tuvumilie mwaka huu litapita. Wewe ni mjenzi wa pwani, miaka yote ya karibuni kazi zako za joto zitakuwa na watu waliofunga, ni bora ujue mapema utawafanyisha vipi. Huwezi kumwambia kibarua chagua, saumu au zege. Aliyefikia pa kuhofia nafsi yake ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Hilo wamuulize sheikh wao leo, wasingoje saa nane mchana juu ya slabu. Ila mwenye kumfikisha mtu hapo kwa makusudi wakati njia nyingine ipo, naye ajiulize anafunga nini.

Na njia ipo. Usiku upo. Baada ya tarawehe watu wameshakula, wameshakunywa, jua halipo. Taa za kukodi si ghali kuliko msiba. Slabu haikatwi katikati, naijua hoja hiyo, ndiyo maana nasema mwanzo saa nne usiku, na kabla ya daku umeshasawazisha. Zege lenyewe litakushukuru. Mchana huu linakauka juu kabla halijashika chini, ndipo unaona nyufa kama kiganja cha bibi kizee. Ajabu mafundi wote tunajua kwamba zege halimwagwi kwenye jua kali, na tunamweka mtu juani alimwage.

Nikwambie jambo moja ambalo lilinichukua miaka mingi kuliona. Zamani niliwaambia vibarua wangu, "Ukichoka, kaa." Nilidhani nimewatendea wema. Hakuna aliyekaa. Anakaaje, na mwenzake amesimama na karai mikononi? Anakaaje wakati kesho wewe ndiye unayechagua nani aitwe na nani aachwe? Pumziko la kuomba si pumziko. Linatakiwa litoke kwa mwenye kazi, lipigiwe filimbi, wakae wote pamoja, na mwenye nguvu kuliko wote akae wa kwanza ili wengine wasione haya.

Wenzetu wa Uarabuni, pamoja na mambo yao mengine ambayo tunayasikia, hili wameliandika. Mtoto wa jirani yangu yuko Muscat, ananieleza: Oman kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti kazi za nje kwenye jua zinasimama saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana. Falme za Kiarabu nao wana yao, Qatar wanasimama tangu saa nne asubuhi. Jua lao ni kali kuliko letu mara nyingi, sikatai. Lakini hakuna aliyemwachia kibarua ajiamulie, kwa sababu wanajua hataamua.

Na Hija ya 2024 uliiona kwenye simu, hukunisimulia wewe mwenyewe? Pale Makka joto lilipita nyuzi 50, watu 1,301 wakafa kwa hesabu ya serikali yao. Wengi wao walikuwa wameingia bila kibali, na asiye na kibali hana hema la kupoza wala basi, anatembea juani mwendo mrefu. Jua lilikuwa moja kwa wote, lakini liliwapata zaidi wale ambao hawakuandikiwa kivuli. Mahujaji wenye makaratasi walikuwa mita chache kutoka hapo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini binti anayeniandikia amenikumbusha mama yako, na amefanya vizuri.

Dada yangu yuko kwenye chumba chake cha Ngamiani, bati juu, dari hamna. Uliahidi dari mwaka juzi. Mchana bati linasikika likilia linavyotanuka. Usiku anafunga dirisha kwa hofu ya wezi, na joto lililoingia mchana linalala naye. Ana presha, anameza vile vidonge vinavyomkojoza, na kwa sababu choo kiko nje, jioni anajinyima maji asije akaamka usiku. Na mwili wa mtu mzima hausikii kiu vizuri. Mimi mwenyewe siku hizi nakunywa kwa saa, ukutani, hata kama sitaki. Juu ya yote hayo daktari alimwambia asifunge, na yeye anafunga kwa ubishi. Nimejaribu, ananiona mdogo wake. Wewe ni mwanawe, nenda. Vidonge asiviache bila daktari, lakini amuulize kuhusu dozi ya wakati huu wa joto. Mnunulie ndoo ya usiku yenye mfuniko, hakuna aibu. Feni uliyompa ni nzuri akijitandaza kanga iliyolowa mabegani, kwa sababu feni peke yake chumbani humo inazungusha moto tu. Mchana awe kibarazani upande wa kivuli, aoge jioni kabla ya kulala.

Ufaransa, Agosti 2003, joto lilikaa wiki mbili, wakafa watu wapatao 15,000, wengi wao wazee waliokuwa peke yao majumbani, watoto wakiwa likizo. Tulipoisikia kwenye redio tulitikisa vichwa hapa barazani, tukasema Wazungu bwana, kwetu mzee haachwi peke yake. Mara ya mwisho kulala kwa mama yako ni lini?

Na mwanao mdogo, unaposimama kununua vocha usimwache kwenye gari lililofungwa, hata kwa "dakika moja tu". Dakika kumi za jua joto humo ndani linapanda nyuzi kumi. Nimemaliza hilo.

Bado neno la mkungu. Kiwanja kile kilikuwa na mkungu mmoja mkubwa, umeukata mwezi uliopita. Nilipita na baiskeli nikaona kisiki. Chini ya mti ule wangekaa vibarua wako wote 24 na mama ntilie na sufuria zake. Uliniambia umeukata upate pa kumwaga kokoto. Haya, pa kumwaga pamepatikana. Basi kwa nini kokoto ije Jumamosi saa tatu? Iletwe Ijumaa jioni, ilale hapo kwenye kisiki, na mtaanza usiku bila kumngoja mtu. Lori likidai nyongeza kwa kuja jioni, mwambie dereva anipigie mimi. Nimeuza mbuzi mmoja wiki iliyopita, pesa ipo kwenye kopo la maziwa.

Mirunda iliyobaki na makuti ya yule jirani yako wa nyuma vinatosha kibanda cha watu 24 kukaa pamoja. Kisimamishe kabla ya Ijumaa, kwa ajili ya siku saba za kunyeshea, maana huyo mwenye mpira wa maji naye ni mtu.

Nitakuja baada ya tarawehe. Niwekee kiti karibu na mapipa, na pipa moja liandike kwa chaki kwamba si la zege.